Vikombe vya Kijani Makaburini

Nilipoajiriwa kiwandani tulikuwa tunatengeneza vitufe vya redio za jeshi la Warusi, na tulikatazwa kusema kwamba ni vitufe. Mama yangu aliponiuliza nashinda nafanya nini, nilimwambia vifungo vya makoti. Jeshi lile lilipoondoka nchini, mashine zilikaa kimya mpaka panya wakazaa ndani yake. Ndipo Gintautas, aliyekuwa fundi umeme wetu, akakinunua kiwanda kwa bei ya chuma chakavu, akakaa akifikiri ni kitu gani watu hawataacha kukinunua hata serikali ibadilike. Akakipata. Watu hufa, na waliobaki huwawashia mishumaa.

Kwa miaka mingi tukawa watu wa vikombe vya mishumaa ya makaburi. Kikombe chekundu cha plastiki, kifuniko chenye matundu, nta ndani yake. Mimi niliwekwa chumba cha nta, na baada ya kumaliza shule ya jioni, nikiwa mtu mzima mwenye mtoto, nikafanywa msimamizi wa chumba hicho. Niliipenda kazi ile. Kila Siku ya Watakatifu Wote, makaburi yote ya Lituania yakiwa mekundu kwa mwanga, nilijiambia kwamba mikono yangu imeomba pamoja na watu nisiowajua.

Kisha woga ukarudi, na kila ulipobadilika nasi tulibadilika nao. Ulipokuja ugonjwa ule tulitengeneza ngao za uso. Vita vilipoanza Ukraine tuliokota mabaki ya nta makaburini, tukayayeyusha na kuyamimina kwenye makopo ya nyama yenye vipande vya boksi vilivyokunjwa ndani, tukawapelekea wanajeshi wapashe mikono moto mahandakini. Majira yale nilimshukuru Mungu kwa kazi yangu kuliko wakati wowote. Baadaye zikaja mbawa za droni. Mwishowe nchi ikajitoa katika ule mkataba wa kutotega mabomu ardhini, kwa kuwa Warusi hawakuwahi kuutia sahihi, na Gintautas akarudi kutoka mji mkuu, Vilnius, akiwa amevaa tai.

Nisieleweke vibaya. Sikupinga. Mwanangu Tautvydas yuko kwenye kikosi cha mpakani, na mpaka hauko mbali. Siku za upepo tunasikia mizinga ya mazoezi ya ng'ambo ya mpaka tukiwa jikoni. Nikipiga magoti jioni namwomba Mungu aweke kitu, kitu chochote, kati ya mwanangu na hao wa upande wa pili. Sikuwahi kuchagua kitu gani.

Gintautas alitukusanya bwaloni. Mezani palikuwa na šakotis kubwa, keki yetu ya sherehe, ndefu kama mtoto wa miaka mitano, miiba yake ya sukari ikimeta.

"Wanangu," alisema, "mashine namba mbili inapumzika kutengeneza mishumaa. Kuanzia Jumatatu inalinda taifa. Sisi tutamimina mwili tu, plastiki tupu. Baruti wataitia wengine, mbali na hapa. Na neno lile sitaki kulisikia. Hapa kuna bidhaa ya kijani. Tumeelewana?"

"Bosi," alisema Bernadeta, mwenzangu wa chumba cha nta, ambaye hajawahi kufunga mdomo wake hata akiwa kanisani. "Kwa hiyo sasa mteja tutamhudumia kabla na baada?"

Bwalo zima lilicheka. Gintautas alicheka mpaka akafuta macho, na wiki iliyofuata nilimsikia akiwarudishia wageni wa wizara maneno hayohayo kana kwamba ameyatunga yeye, nao wakacheka vilevile, wakigongana mabega. Mimi siku ile nilikuwa na kipande cha šakotis mdomoni. Nilikitema kwenye leso nikaiweka mfukoni.

Kalibu mpya ikafungwa kwenye mashine. Vitu vilivyotoka vilikuwa vidogo, vya mviringo, vya rangi ya majani yaliyooza, vyenye kifuniko kinachobonyea kidogo ukikiwekea kidole. Vilikaa mkononi vizuri. Hilo ndilo lililonitia kinyaa zaidi, kwamba mtu alikaa mezani na karatasi na penseli mpaka vikakaa mkononi vizuri.

Mwanzoni mashine haikuvizoea. Vingi vilitoka vimepinda ukingoni, na vyenye kasoro vilitakiwa kusagwa. Lakini Gintautas ana mkono wa birika. Ni mtu anayekunja karatasi ya siagi akairudisha kabatini. Hakuvisaga. Alivirundika ghalani, na Oktoba ilipoingia, maduka yakaanza kupiga simu yakitaka mishumaa, na mashine namba moja peke yake haikuweza kuyatosheleza.

Akaniita ghalani asubuhi moja.

"Rozalija, njoo uone maajabu." Alichukua mwili mmoja wa kijani, akatia ndani yake kibati chetu cha utambi. Kikaingia. Akavuta kifuniko kutoka kwenye boksi la vikombe vyekundu, akakiweka juu. Kikakaa. "Unaona? Kama vimezaliwa pamoja."

"Bwana Gintautas, hilo ni bomu."

"Bomu liko wapi? Nionyeshe baruti. Nionyeshe fyuzi. Hiki ni kikombe, mama. Tena kikombe chenye kasoro."

"Kimetengenezwa kikate mguu wa mtu."

"Na kisu cha jikoni kwako kinakata nini? Jana mume wa mtu kakatwa nacho huko Alytus, ukisoma magazeti. Shule ya jioni ilikufundisha nta, au ilikufundisha mahubiri?"

"Watu wataweka hivi juu ya marehemu wao."

"Watu wataweka mwanga. Nani anatazama kikombe?"

Nilimwambia yupo mmoja atakayetazama. Nilimtajia Apolonija.

Mji wetu mzima unamjua. Kwangu ni mama wa ubatizo. Yeye ndiye aliyenishika juu ya maji. Vita vile vikubwa vilipokwisha alikuwa mtoto mdogo, na kaka yake Petriukas alimzidi umri kidogo. Walikuwa wakichunga ng'ombe ukingoni mwa msitu wakaona bakuli la kioo lenye kifuniko, limezama nusu kwenye udongo. Nyumbani hawakuwa na bakuli la kioo. Petriukas alisema wampelekee mama atilie sukari. Wajerumani, walipoishiwa chuma, walitengeneza mabomu ya kioo, na watoto wale hawakujua. Petriukas alizikwa na vipande ambavyo hakuna aliyeweza kuvitoa. Apolonija alibaki na mguu mmoja. Tangu siku hiyo hadi leo hajala sukari, na nyumbani kwake hakuna chombo chenye kifuniko. Hata sufuria huzifunika kwa kitambaa.

Gintautas aliyajua hayo yote. Alipokuwa kijana alimtengenezea Apolonija umeme wa nyumba bila malipo, na naliweka hilo hapa kwa sababu ni kweli. Alikuna shingo.

"Sawa. Hapa mjini sitauza hata kimoja. Vyote vinakwenda Klaipėda. Kule baharini hawamjui mtu. Neno langu, Rozalija. Umeridhika?"

"Siwezi kuvitia nta."

"Basi nenda kafunge maboksi. Chumba cha nta hakitakosa mtu."

Hakikukosa. Bernadeta alinipokonya kata ya nta mkononi kabla sijavua aproni.

"Lete hapa, mtakatifu. Mimi moto wa milele nimeshauzoea, nimeolewa mara mbili."

"Berna, unajua unachokifanya?"

"Najua nina watoto wawili chuoni. Wewe nenda kasali, na ukifika huko mbele nitajie jina. Mwambie Mungu Bernadeta anakuja, amechelewa kazini."

Ili kuficha harufu ya plastiki mpya, Gintautas alinunua manukato ya msonobari, yale ya kutilia vyooni. Kwa majuma kadhaa kiwanda kizima kilinuka choo cha kituo cha treni. Nilirudi nyumbani nayo kwenye nywele. Niliishika rozari, nayo ikanuka.

Lakini nilimwamini Gintautas. Niliyaona maboksi yakipakiwa kwenye lori, nikaliona lori likitoka. Nikajiambia kwamba Klaipėda ni mbali, na kwamba kuna mambo ya kumwachia Mungu.

Siku moja kabla ya Watakatifu Wote hatuendi makaburini, maana kazi ya kusafisha tumeshaimaliza. Mimi na Apolonija tulikuwa tumekwenda mapema wiki hiyo. Alikaa kwenye kigoda chake akiniamuru.

"Hapo umeacha jani."

"Nimeliona, mama."

"Umeliona na umeliacha. Mchanga uchane kama nywele, Rozalija, usiuchane kama shamba. Petriukas alikuwa mtanashati."

Niliuchana mchanga wa kaburi kwa reki ndogo, mistari ikalala vizuri, tukapanda maua ya krisanthemu meupe. Aliagana na kaka yake kama anavyoagana naye kila mwaka: "Tutaonana Watakatifu Wote. Usiende popote."

Mchana wa sikukuu yenyewe nilikuwa kanisani, benchi la mbele, kwa sababu mimi ndiye naongoza rozari. Padri Zenonas, mtu mwema mwenye masikio mazito, alisoma matangazo mwishoni mwa misa. Maandamano ya makaburini saa tisa. Watoto wavae nguo nzito. Kisha akasema tumshukuru mfadhili mmoja asiyependa kutajwa, ambaye ametoa mishumaa mia kadhaa kwa ajili ya kona ya watoto na makaburi yasiyo na jamaa. Maskauti walikwisha kuiweka jana, na ikifika saa nane wataiwasha.

Watu waligeuka kumtazama Gintautas. Alikuwa ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu, na masikio yake yalikuwa mekundu kwa furaha.

Nilimfuata mlangoni. Alikuwa akipeana mikono na watu.

"Ulisema Klaipėda."

"Klaipėda wamerudisha. Hawataki kijani, wanasema kinafanana na takataka. Nikavisage?"

"Ulinipa neno."

"Nilikupa neno kwamba sitauza." Aliniegemea karibu, alinuka msonobari. "Nimeuza, Rozalija? Nimeuza hata kimoja? Nimetoa sadaka. Wewe mtu wa dini, sadaka nayo unaitukana?"

Niliondoka mbio.

Petriukas amelala kona ya watoto. Apolonija angefika na maandamano. Nilichokuwa nakitaka siku hiyo kilikuwa kimoja tu, mwanamke yule asikute kitu kile juu ya kaka yake. Hayo mengine, mkataba, wizara, kiwanda, niliyaacha yapite.

Nilipita nyumbani nikachukua gunia la viazi. Nilipofika makaburini maskauti walikuwa wamekwisha kuwasha na kuondoka. Ni watoto waliofundishwa vizuri. Ili upepo usivipindue, kila kikombe walikizamisha nusu mchangani. Waliviweka safu kwa safu, kwa nafasi sawasawa, kona nzima ya watoto, katikati ya mistari ile tuliyoichana, na kila kifuniko kilikuwa kimechomoza kidogo tu juu ya mchanga.

Nilisimama nikishika mti. Mungu wangu, nilisema.

Nikaanza na Petriukas. Nilikichomoa kikombe, nikakizima, nikamwaga nta iliyoyeyuka, nikakitupa guniani. Nikasawazisha mchanga kwa kiganja. Lakini kutoka njiani hadi kwa Petriukas kuna makaburi mengi, na Apolonija angepita kwenye yote. Nikachomoa cha jirani yake, na cha jirani wa jirani. Nta ilinimwagikia mikononi. Gunia likaanza kuwa zito.

"Wewe! Unafanya nini hapo?"

Alikuwa mke wa mwenye duka la maua, amebeba taji la matawi ya msonobari. Aliponitambua, sauti yake ikapanda zaidi badala ya kushuka.

"Rozalija? Rozalija wa rozari? Unaiba mishumaa ya watoto?"

"Siibi."

"Na gunia je, umeleta viazi? Jamani, njooni muone! Njooni muone mtu anayetuongoza sala!"

Hapa kwetu mtu akiiba benki watu watamsimulia kwa kicheko. Akiiba mshumaa kaburini, hata watoto wake hawataoa wala kuolewa. Walikuja wanne, kisha kumi, kisha sikuhesabu. Mmoja alilivuta gunia, nikalishika. Mwingine akasema ameshangaa kila mwaka mishumaa yake ilikuwa inakwenda wapi, kumbe inarudi kiwandani kuuzwa tena.

"Ona mikono yake ilivyojaa nta!"

"Na meno nayo tutazame, huenda kala na maua."

Wakacheka. Ningeweza kusema. Neno lilikuwa pale ulimini, fupi. Lakini katika mji wetu neno likisemwa langoni mwa makaburi, limekwisha kufika madhabahuni, na Apolonija alikuwa njiani. Nikaendelea kuchomoa, huku nimepiga magoti, na wao wakinitukana kutoka juu.

Maandamano yaliingia yakiimba. Msalaba mbele, Padri Zenonas nyuma yake, Gintautas na koti lake refu, na nyuma kabisa Apolonija akiegemea fimbo, mkono wa pili kaupitisha kwenye mkono wa Bernadeta. Mimi sikuwa nimekwenda kumchukua, kwa hiyo Bernadeta alikuwa amekwenda. Wimbo ulikatika kidogokidogo, kadiri watu walivyoliona kundi.

"Padri, anaiba!" alisema mke wa mwenye duka. "Sadaka ya watoto, anaitia guniani!"

"Rozalija, binti yangu," alisema padri, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia. "Ni kweli?"

"Nimevichukua, padri."

"Kwa nini?"

Nilimtazama Bernadeta. Yeye ndiye aliyevitia nta, alijua kilichomo guniani. Aliangalia viatu vyake.

Apolonija alisogea. Fimbo, mguu, fimbo.

"Na cha Petriukas umechukua?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilikushika juu ya maji," alisema. "Unanichukulia mwanga wa kaka yangu, na hunambii kwa nini?"

Nilimwambia tu, "Nina mshumaa mwekundu nyumbani, mama. Nitakwenda kuuleta. Mzuri. Subiri hapa, usisogee."

"Hapana haja, hapana haja," alidakia Gintautas. Alitabasamu, akawa mfadhili. Nafikiri aliogopa nitasema, na akaona njia ya haraka ya kumaliza jambo ni kuonyesha kwamba si jambo. Aliingiza mkono guniani mwangu, akatoa kikombe kimoja, akatikisa nta iliyobaki, akawasha utambi kwa kiberiti chake cha gesi. "Leo ni siku ya kusameheana. Bibi Apolonija, mimi mwenyewe nitamwekea."

"Gintautas, usifanye hivyo," nilisema. "Kwa jina la Mungu."

Alikwisha kuinama. Alikiweka katikati ya mchanga wa Petriukas, akakibonyeza kwa kidole gumba kikae imara, na kifuniko kikabonyea kidogo.

Apolonija alipiga kelele.

Sijawahi kusikia sauti ile kwa mtu mzima. Ilikuwa sauti ya mtoto wa kike, nyembamba, ya kijijini, kwa lafudhi ambayo haizungumzwi tena.

"Simameni! Simameni mlipo! Mtu asinyanyue mguu!"

Na watu wakasimama. Sijui kwa nini walimtii, lakini walimtii wote. Padri alisimama na kitabu mkononi. Wanawake walisimama na maua. Aliyekuwa amenyanyua mguu alibaki ameunyanyua. Mji mzima, mamia ya watu waliovaa makoti ya sikukuu, ulisimama bila kupumua katikati ya makaburi, na kati ya viatu vyao, kila upande, vikombe vya kijani vilikuwa vimechomoza mchangani vikiwaka.

Apolonija alikuwa akivitazama kimoja baada ya kingine. Niliona macho yake yakifuata safu mpaka mwisho, na kurudi, na kufuata nyingine.

Kisha niliona watu nao wakianza kutazama chini. Nusu ya mji inafanya kazi kwetu, na nusu nyingine imeoana na hao. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mke wa mwenye duka la maua alikitazama kilichokuwa karibu na kisigino chake, na midomo yake ikawa myeupe.

"Bibi," alisema Gintautas, "bibi yangu, ni mshumaa tu. Tazama." Akakigusa kwa ncha ya kiatu.

"Usikiguse!" Apolonija alimwelekezea fimbo. "Petriukas, kiache! Mama hahitaji! Mama hahitaji kitu!"

Gintautas alirudisha mguu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa bili isiyo yake. Alitazama huku na huku akitafuta wa kucheka naye.

Nilikwenda kwa Apolonija mimi, nikipita kati ya vikombe. Bernadeta alikuwa bado amemshika, analia bila sauti, kamasi zinamtoka, na mkono wake ulikuwa umekufa ganzi kwa jinsi Apolonija alivyoubana.

"Mama," nilisema. "Mama Apolonija. Ni mimi, Rozalija. Twende."

"Wapi? Vimejaa."

"Njia ninaijua. Nimevichomoa hapa nilipopita. Tazama mashimo yake, ni matupu. Kanyaga ninapokanyaga mimi."

"Na ukikosea?"

"Nitakosea mimi kwanza."

Alifikiri. Kisha akaiweka fimbo ndani ya alama ya kiatu changu, halafu mguu wake mzuri, halafu ule wa bandia. Tulitoka hivyo. Nilitembea nyumanyuma nikimshika mikono miwili, nikikanyaga kwa nguvu ili mchanga ushike alama. Hakuna aliyesogea kutupisha, kwa sababu hakuna aliyethubutu kusogea, kwa hiyo tuliwazunguka watu kama nguzo. Tulipita karibu na Padri Zenonas. Alikuwa akimuuliza mtu aliye karibu naye, kwa sauti aliyodhani ni ndogo, "Kuna nini? Mbona wamesimama?" na hakuna aliyemjibu.

Tulipofika langoni, nyuma yetu, mtu alikohoa. Kisha nikasikia hatua, na minong'ono, na baada ya muda mfupi sana, mfupi kiasi kwamba niliona haya kwa niaba yao, nikasikia viberiti. Watu walikuwa na marehemu wao wa kuwawashia. Kijibaridi kilikuwa kimeanza.

Nilimweka Apolonija kwenye gari la Bernadeta, nikamfunika blanketi. Bernadeta aliketi upande wa dereva, mikono kwenye usukani, hakuwasha injini. Gari lilinuka msonobari. Apolonija alifungua dirisha.

Alikuwa ametulia sasa. Sauti yake ya kawaida ilikuwa imerudi, ile ya kuamuru.

"Vile ni vyetu?" aliuliza. "Au ni vyao?"

"Ni vyetu, mama."

"Vya kuweka mpakani."

"Ndiyo."

"Viwekeni. Mimi niliwaona Warusi walivyokuja, mara zote mbili, kabla ya Wajerumani na baada yao. Viwekeni, simzuii mtu." Alivuta blanketi. "Lakini Petriukas tumemwacha humo ndani navyo."

Bernadeta aliweka paji la uso kwenye usukani.

Nilirudi. Gunia lilikuwa pale nilipoliacha. Kikombe alichokiweka Gintautas kilikuwa bado kinawaka katikati ya mchanga, na yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuondoka. Nilikichomoa kwanza. Halafu nilipiga magoti nikaendelea na safu ile, na ile iliyofuata. Safari hii hakuna aliyeniita mwizi. Hakuna aliyenisaidia pia. Waliinua miguu nipite, kama mtu anavyomwinulia miguu mfagiaji. Mke wa mwenye duka la maua aliinama, nikadhani anataka kuchomoa kimoja. Alikitazama, akakigeuza kidogo, akasema, bila ubaya wowote, "Si vingeachwa viishe tu, nta bado ipo."

Sikumtazama. Nilianza kusali sala ya marehemu, ile ya kuwaombea watoto wale wapumzike na wapewe mwanga usiozimika, huku nikipuliza mshumaa mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine. Moshi wa msonobari ulinijaa kinywani. Nilipofika kwenye neno mwanga nililiruka, nikaendelea kupuliza.